Besiboli, Ubaguzi wa Rangi na Jackie Robinson



Leo somo letu ni la mchezo. Usiseme kwamba mchezo ni mambo ya watoto. Ukiutazama mchezo kwa makini utaijua jamii yenyewe: nani anaruhusiwa kuingia uwanjani, nani anazuiliwa mlangoni, na nani ameshika kalamu ya kuandika mabao.

Mchezo wa leo ni besiboli, yaani mpira wa gongo wa Wamarekani. Gongo la mti, siyo ile inayonywewa kwa kificho. Hapa Makunduchi besiboli haichezwi, na wengi wetu hatujaiona kwa macho. Lakini tutaona kwamba mchezaji mmoja wa besiboli mkono wake ulifika mpaka huku kwetu Afrika Mashariki.

Unavyochezwa

Watoto wetu hucheza nage. Mtoto anarushiwa mpira, naye anakwepa usimpate. Besiboli ni kinyume chake. Mchezaji ameshika gongo, hakwepi, anausubiri mpira ili aupige. Waliowahi kuona kriketi watafahamu upesi.

Timu ni mbili, kila timu watu 9. Uwanjani pana vituo 4, vimekaa kama pembe nne za nyumba. Kutoka kituo mpaka kituo ni zaidi ya mita 27. Mrushaji anasimama kiasi cha mita 18 kutoka kwa mpigaji, anarusha mpira mgumu wa ngozi unaoenea kiganjani. Mpigaji akiupiga vizuri anatupa gongo chini na kukimbia: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi pale alipoanzia. Akirudi salama timu yake imepata bao moja. Akiukosa mpira mara 3, ametoka. Wakitoka watu 3, timu zinabadilishana, waliokuwa wanapiga wanakwenda kudaka. Kila timu inapata zamu 9. Hakuna saa ya kumaliza mchezo. Kama zamu hazijesha, watu hawaendi nyumbani.

Pana jambo moja linaitwa kuiba kituo. Mchezaji aliyesimama kituoni anamchungulia mrushaji. Akimwona ameghafilika, anatimka mbio kwenda kituo kinachofuata. Huu siyo wizi wa nazi, umeruhusiwa na sheria za mchezo. Ulikumbuke neno hili, litarudi mbele.

Sasa hesabu kidogo. Kuupiga mpira unaokuja kwa kasi ni kazi ngumu sana. Mpigaji akijaribu mara 10 akafanikiwa mara 3 tu, huyo anahesabiwa ni hodari. Wamarekani huandika hesabu hiyo kwa mafungu ya 1,000. Aliyefanikiwa mara 3 katika 10 wanasema ana wastani wa 300, maana yake angejaribu mara 1,000 angefanikiwa mara 300. Hesabu hizi zinachapwa magazetini, na watoto wa Marekani wamekuwa wakizijua kwa moyo tangu enzi za babu zao.

Ulivyokua

Mwaka 1845 chama kimoja cha mjini New York, kikiitwa Knickerbocker, kiliandika sheria za mchezo huu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 mpaka 1865 vilichanganya vijana wa majimbo mbali mbali makambini, na mchezo ukaenea. Mwaka 1869 timu ya Cincinnati ilitangaza waziwazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa mshahara. Ligi ya kwanza kubwa ikaanza 1876, ya pili 1901, na mwaka 1903 mabingwa wa ligi hizo mbili wakapambana.

Wahamiaji waliotoka Ulaya, Wairishi, Wataliani, Wapolandi, walifika Marekani hawajui lugha. Mtoto wao akijua besiboli alikwisha kuwa Mmarekani. Babe Ruth, mtoto wa Baltimore aliyelelewa katika nyumba ya watoto watukutu, akapiga mwaka 1927 mipira 60 iliyomrudisha nyumbani kwa pigo moja, akawa mtu mashuhuri nchi nzima.

Basi wote waliingia. Wote isipokuwa mtu mweusi.

Sheria isiyoandikwa

Hapa ndugu msomaji tunaomba tusome polepole. Katika vitabu vya sheria za ligi kubwa hapakuwa na mstari unaosema mtu mweusi asicheze. Mwaka 1884 alikuwepo mchezaji mweusi, Moses Fleetwood Walker, katika timu ya Toledo. Baada yake mlango ukafungwa. Matajiri wenye timu walikubaliana kimya kimya, na makubaliano hayo yalidumu zaidi ya miaka 60.

Sheria iliyoandikwa mtu anaweza kuisoma, kuipinga, hata kuipeleka mahakamani. Isiyoandikwa utaishika wapi? Ukiuliza kwa nini mtu mweusi hachezi, wanakujibu kwamba hakuna aliyemkataza. Ukisema basi mchukueni, wanasema hajatokea wa kutosha. Na mlango umefungwa vile vile.

Wazee wetu wa Unguja hawahitaji kuelezwa sana habari hizi. Jumba la Africa House pale Shangani, enzi za Waingereza lilikuwa klabu yao, English Club. Mwafrika hakuwa mwanachama wa pale.

Wamarekani Weusi hawakukaa wakalia. Mwaka 1920, katika mji wa Kansas City, mchezaji na meneja mweusi Rube Foster aliwakusanya wenye timu weusi wakaunda ligi yao. Walikuwa na viwanja vilivyojaa, magazeti yao, na wachezaji wa ajabu. Josh Gibson alikuwa mpigaji mwenye nguvu. Satchel Paige alikuwa mrushaji ambaye hata Wazungu waliopambana naye katika mechi za kirafiki walikiri hawakuona mfano wake. Lakini walisafiri kwa mabasi usiku kucha, na mahoteli mengi ya njiani hayakuwapokea.

Mtoto wa mkulima

Jackie Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji wa Cairo, jimbo la Georgia. Wazazi wake walilima shamba la tajiri Mzungu kwa kugawana mavuno. Baba akaondoka, akamwacha mama, Bibi Mallie, na watoto watano. Jackie ndiye kitinda mimba. Mama hakungoja. Mwaka 1920 alipanda treni na watoto wake mpaka Pasadena, California, upande wa pili wa nchi, akafanya kazi za nyumbani kwa watu ili awasomeshe. Jackie alifika mpaka Chuo Kikuu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili akawa ofisa wa jeshi. Julai 1944, kambini Texas, dereva wa basi alimwamuru aende akakae viti vya nyuma kwa sababu ni mweusi. Alikataa. Akashitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na akashinda. Tunataka tuikumbuke tarehe hiyo, maana yule mama Rosa Parks aliyekataa kuondoka kwenye kiti cha basi katika mji wa Montgomery, na watu wakagoma kupanda mabasi, alifanya hivyo Disemba 1955, miaka 11 baadaye.

Agosti 1945 Robinson aliitwa na Bwana Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers ya New York. Jina lake lilikuwa limependekezwa na mwandishi wa habari mweusi, Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier. Mwandishi huyu alikuwa akipiga taipu huku amekaa katikati ya watazamaji, kwa kuwa katika chumba cha waandishi hakuruhusiwa.

Rickey alimwambia Robinson: utatukanwa, utarushiwa mpira kichwani, utakanyagwa mguu kwa viatu vya misumari, na usirudishe. Robinson akauliza kama anatafuta mtu mwoga. Rickey akajibu anatafuta mtu mwenye ushujaa wa kutokurudisha. Wakakubaliana.

Sisi Makunduchi kila Mwaka Kogwa tunapigana kwa migomba, halafu tunakwenda kula pamoja, hakuna kinyongo. Tunapigana kwa sababu wote wawili tumeruhusiwa kupiga. Huyu yeye alitakiwa apokee mapigo peke yake. Wasomaji watajadili kama masharti yale yalikuwa ya haki. Kwa maoni yetu hayakuwa ya haki hata kidogo, lakini Robinson aliyachukua akijua nyuma yake kuna foleni ya watu.

Tarehe 15 Aprili 1947, akiwa na miaka 28, aliingia uwanjani Brooklyn mbele ya watu zaidi ya 25,000. Mgongoni alikuwa na namba 42. Siku ile wala hakupiga vizuri. Ila alikimbia, akafika kituoni kwa makosa ya mpinzani, akarudi nyumbani na bao, na timu yake ikashinda.

Wiki moja baadaye timu ya Philadelphia ilikuja. Meneja wao, Ben Chapman, alimtukana matusi ya rangi kila zamu yake ya kupiga. Robinson akanyamaza. Wachezaji wenzake Wazungu, ambao mwanzo baadhi yao hawakumtaka, ndio waliokasirika wakamjibu Chapman. Matusi yale yaliiunganisha timu kuliko hotuba yoyote.

Mwaka ule alichaguliwa mchezaji bora mgeni. Mwaka 1949 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, wastani wake 342. Na ule wizi wa vituo, yeye ndiye mwalimu. Mara 19 katika ligi kubwa aliiba kituo cha nyumbani kwenyewe, yaani alikimbia kuelekea pale pale mpira unapoelekea. Mara nyingine, nje ya hizo, ilikuwa katika fainali ya 1955 dhidi ya Yankees, na mwaka huo Brooklyn wakatwaa ubingwa.

Jeshi la Marekani liliamriwa kuacha utengano wa rangi mwaka 1948. Mahakama Kuu ikakataza skuli za kutenganisha rangi mwaka 1954. Hatusemi besiboli ndiyo iliyoyaleta hayo. Watu wengi walipigania, wengine wakafa. Tunasema kwamba mamilioni ya Wazungu walimshangilia mtu mweusi kama mtu wao, na jambo hilo lilitangulia.

Tusidhani lakini kwamba mlango ulifunguka siku moja. Timu ya mwisho ya ligi kubwa, Boston Red Sox, ilimpanga mchezaji mweusi mwaka 1959. Na Hank Aaron alipoukaribia mkusanyo wa Babe Ruth wa mipira 714, alipelekewa barua nyingi za kumtishia kumwua. Aliipita hesabu hiyo tarehe 8 Aprili 1974. Hebu fikiri, miaka 27 baada ya Robinson.

Waliopoteza

Pana upande wa pili, na somo la kweli halifichi upande wa pili. Wachezaji bora weusi walipochukuliwa na timu za Wazungu, watazamaji weusi waliwafuata. Ligi aliyoiasisi Foster ilikuwa imekwisha kufa na kufufuliwa kwa jina lile lile katika miaka ya 1930; mwaka 1948 ilikufa tena. Timu ya Kansas City Monarchs, aliyotoka Robinson, haikulipwa na Rickey hata senti. Bibi Effa Manley, mwanamke mwenye timu ya Newark Eagles, alipigania malipo, akapata dola 15,000 kwa mchezaji wake Larry Doby, kiasi ambacho mchezaji Mzungu wa kiwango kile asingeuzwa. Makarani, wauza tikiti, madereva, wote weusi, walikosa kazi. Wachezaji waliingia mlango wa mbele, biashara ya watu weusi ikabaki nje.

Na wale waliozeeka kabla mlango haujafunguka? Josh Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla ya siku ya Robinson. Mapigo yake hayakuhesabiwa katika vitabu vya ligi kubwa. Lakini magazeti ya watu weusi yalikuwa yameyachapa. Watafiti walikaa miaka mingi wakifunua magazeti hayo ya zamani, mechi moja moja, wakijumlisha. Mwaka 2020 wenye ligi kubwa walikubali kwamba zile nazo zilikuwa ligi kubwa, na Mei 2024 hesabu zikaingizwa rasmi. Gibson akaonekana ana wastani wa 372, wa juu kuliko mtu yeyote katika historia ya mchezo. Aliyekuwa wa kwanza, Ty Cobb, alikuwa na 367. Gibson alikuwa kaburini miaka 77.

Mkono uliofika kwetu

Sasa tuje nyumbani. Robinson aliacha kucheza baada ya msimu wa 1956. Alifanya kazi ya biashara, akaandika magazetini, akaandamana na Martin Luther King. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika Mashariki. Vyuo vikatoa nafasi, lakini nauli ya ndege haikuwepo. Ikaandikwa barua ya kuomba michango. Walioitia sahihi walikuwa watatu: mwimbaji Harry Belafonte, mcheza sinema Sidney Poitier, na Jackie Robinson.

Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Ndege nyingine zikafuata, na kufika 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani, wakiwemo wa Tanganyika, walikuwa wamekwenda. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 ni Wangari Maathai, yule mama wa miti aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mchango wa mtu mmoja ulikuwa mdogo, lakini watu waliijua sahihi ile ni ya nani.

Robinson alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, ana miaka 53, sukari imemwharibu macho. Siku tisa kabla alisimama mbele ya taifa zima, katika fainali, akasema anatamani siku moja kumwona mtu mweusi akiwa meneja wa timu. Wa kwanza alipatikana 1975. Mwaka 1997 timu zote za ligi kubwa ziliiondoa namba 42, asipewe mchezaji mwingine mpya.

Mwanawe, David Robinson, alikuja kuishi Tanzania miaka ya 1980. Alifungua shamba la kahawa Mbozi, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Mbeya na sasa ni Mkoa wa Songwe. Pamoja na wakulima wadogo wa huko waliuza kahawa yao Marekani kwa jina la Sweet Unity Farms. Babu yake alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Mjukuu akalima la kwake, huku kwetu.

Watoto wa Uganda

Besiboli yenyewe imefika Afrika Mashariki. Dar es Salaam wamefundisha Wajapani, na uwanja upo kwenye skuli ya Azania. Waganda wametangulia. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilishinda mashindano ya kanda yake, ikapata nafasi ya kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Ilikuwa iwe timu ya kwanza ya Afrika. Haikwenda. Ubalozi wa Marekani uliwanyima viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa katika karatasi za baadhi ya watoto hazikulingana na maelezo mengine.

Watoto walijua kupiga, walijua kudaka. Karatasi ndiyo iliyowatoa. Timu ya Kanada, iliyokuwa ipambane nao, ilifunga safari Januari 2012 ikaja Uganda kucheza nao huko huko. Mwaka huo huo timu ya Lugazi ilifanikiwa kwenda Marekani, na ikaishinda timu ya Oregon kwa 3 kwa 2.

Tunasema haya kwa sababu bado wapo wazazi kwetu wanaosema mtoto alizaliwa "mwaka ule wa mvua nyingi". Mtoto akizaliwa, mpelekee taarifa Sheha mapema, na tarehe kwenye cheti isome wewe mwenyewe kabla hujaondoka dirishani. Kusoma unajua.

Maswali ya kikundi

1. Mpigaji amejaribu mara 500, amefanikiwa mara 150. Wastani wake kwa kila 1,000 ni ngapi? Je, amemfikia Gibson?

2. Josh Gibson alifariki 1947, Hank Aaron alivunja rekodi 1974, hesabu za Gibson ziliingizwa 2024. Pigeni mstari ubaoni, muweke miaka hiyo mahala pake, na muongeze mwaka mmoja mkubwa wa hapa Unguja.

3. Rickey alimtaka Robinson anyamaze akitukanwa. Nusu ya kikundi itetee masharti hayo, nusu iyapinge.

4. Tajeni sheria moja isiyoandikwa katika shehia yetu, ya harusi, ya bahari au ya shamba. Nani anafaidika nayo? Mkimaliza kubishana, iandikeni kwa mistari mitatu mtuletee.